Sauti Nne na Ile ya Tano

Katika ala zote za muziki, iliyo nyepesi kuchukua na ngumu kutawala ni sauti ya mwanadamu. Ngoma huharibika kwa mvua, zeze husahauliwa nyumbani, na kinanda hutaka watu sita kukihamisha. Lakini sauti huenda na mwenyewe sokoni, shambani na safarini, wala hailipiwi nauli. Watu mia waweza kuimba wimbo mmoja kwa sauti moja, na ni vizuri. Lakini watu wanne wakiimba sauti nne zilizo mbalimbali, kila mmoja akishika njia yake, kisha wote wakafika mahali pamoja kwa wakati mmoja, hilo ni jambo linalotaka akili, masikio na subira. Nataka kukueleza, msomaji, habari za uimbaji wa namna hiyo, ambao niliusikia mbali na kwetu ukiimbwa na wanawake, na swali ambalo uimbaji huo uliniachia.

Uimbaji wenyewe huitwa barbershop, neno ambalo maana yake ni duka la kinyozi, nami katika insha hii nitauita uimbaji wa kinyozi. Usicheke, jina lina sababu. Katika Marekani ya mwisho wa karne ya 19, duka la kinyozi lilikuwa kama baraza. Mwanamume aliyekuja kunyolewa ndevu alikuta wengine mbele yake, akaketi, akangoja zamu. Mazungumzo yalipokwisha, mmoja alianza wimbo uliojulikana na wote. Wa pili akautilia sauti ya chini. Wa tatu akapanda juu. Wa nne akatafuta nafasi iliyobaki kati yao. Hapakuwa na karatasi wala mwalimu. Sikio ndilo lililokuwa mwalimu, na sauti isiyopatana na wenzake ilihama yenyewe ikatafuta mahali pengine. Watu waliimba hivyo dukani, na waliimba hivyo katika pembe za barabara nyakati za jioni, mpaka desturi ya waimbaji wanne wasio na ala ikapata umbo lake na jina lake.

Kama ilivyo kwa mambo mengi yaliyozaliwa barazani, wanawake hawakuhesabiwa. Tarehe 11 Aprili, 1938, katika mji wa Tulsa, jimbo la Oklahoma, wanaume 26 waliitikia mwaliko wa wenzao wawili, O. C. Cash na Rupert Hall, wakakutana kuimba nyimbo za zamani ambazo waliona zinapotea. Kutoka katika mkutano ule kilizaliwa chama kilichoenea nchi nzima, nacho kilikuwa chama cha wanaume. Mwaka 1945, katika mji ule ule wa Tulsa, mwanamke aitwaye Edna Mae Anderson aliwakusanya wanawake wenzake wakaanzisha chama chao. Walikiita Sweet Adelines, kwa jina linalotokana na wimbo mmoja uliopendwa sana na waimbaji wa kinyozi. Hawakungoja kualikwa, na ilikuwa heri yao, maana chama cha wanaume hakikuwafungulia wanawake mlango wa uanachama mpaka mwaka 2018. Lau wangaliketi wakingoja kukaribishwa, wangalingoja tangu 1938 miaka themanini, na wengi wangalifia kizingitini.

Mimi niliwasikia wanawake wa uimbaji huu katika mji wa Providence, mji mkuu wa Rhode Island, jimbo lililo dogo kuliko yote ya Marekani, nilipokuwa huko kwa masomo ya miezi michache. Mama niliyepanga chumba nyumbani kwake alikuwa mwanachama wa kwaya ya wanawake. Kila Jumanne jioni, awe na homa au awe na wageni, alivaa koti lake akaenda mazoezini, akarudi usiku macho yakiwa yamechangamka kama ya mtu aliyetoka arusini. Mwezi wa Novemba alinipa tiketi akaniambia, "Jumamosi usipange jambo jingine." Nami sikupanga.

Onyesho lilifanyika katika ukumbi wa shule. Pazia lilipofunguliwa niliona wanawake wamesimama juu ya ngazi za mbao, safu nne, katika umbo la mwezi mwandamo. Niliwahesabu: walikuwa 52. Walivaa magauni ya rangi ya samawati, lakini sare hiyo haikuficha tofauti zao. Alikuwako msichana aliyemaliza shule mwaka ule ule. Alikuwako bibi aliyepanda ngazi kwa kushikwa mkono, mkongojo wake ukabaki nyuma ya pazia. Karatasi niliyopewa mlangoni ilieleza kazi zao: muuguzi, dereva wa basi la shule, karani wa benki, mwalimu wa hesabu, mfanyaji mikate. Hakuna hata mmoja aliyelipwa kwa kuimba. Kinyume chake, kila mmoja hulipa ada ili apate mahali pa kusimama. Wawili miongoni mwao walikuwa wanawake Weusi, mmoja katika safu ya pili na mmoja katika safu ya juu.

Hapakuwa na kinanda, wala ngoma, wala gita. Mwanamke mmoja alitoa kifilimbi cha mviringo, kidogo kama kopo la dawa ya viatu, akapuliza noti moja fupi. Wote waliipokea kwa mvumo wa midomo iliyofungwa, kama nyuki ndani ya mzinga. Kisha mkono wa kiongozi ulipanda, na midomo 52 ikafunguka kwa pamoja.

Msomaji, umepata kusikia kwaya nzuri. Nchi yetu haina uhaba wa kwaya, na Tamasha la Muziki la Kenya limekuwako tangu mwaka 1927. Nilipokuwa msichana wa shule mimi mwenyewe niliimba sauti ya pili katika tamasha hilo, na nayajua mapigo ya moyo wa mtu anayengoja kuitwa jukwaani. Lakini mpango wa sauti niliousikia Providence ulikuwa tofauti na ule tuliofundishwa. Katika kwaya zetu za shule na za makanisa, aghalabu wimbo wenyewe, yaani ule ambao mtu huondoka akiuimba njiani, hukaa juu kabisa katika sauti ya kwanza, na sauti nyingine huusitiri kutoka chini. Katika uimbaji wa kinyozi wimbo hukaa katikati. Huchukuliwa na sauti iitwayo kiongozi, ambayo ni ya pili kutoka juu. Juu yake kuna tenori, sauti nyembamba isiyopaswa kumfunika kiongozi hata kidogo. Chini kabisa kuna besi, ambayo ndiyo msingi wa nyumba. Ya nne ni baritoni, ambayo haina makao. Mara huwa chini ya kiongozi, mara humruka ikawa juu yake, ikiziba kila mwanya unaotokea. Wanawake walipoanza uimbaji huu hawakuyabadili majina hayo, japo tenori, baritoni na besi ni majina ya sauti za kiume. Waliyachukua yalivyo, kama mtu achukuavyo jembe la babake akalima shamba lake mwenyewe.

Baada ya nyimbo tano au sita, kwaya ilishuka na wanawake wanne wakabaki jukwaani. Kiongozi wao, ambaye alikuwa na maneno ya kuchekesha, alisema kwamba angependa kuwafungulia wageni jiko ili waone chakula kinavyopikwa. Wataimba beti chache za wimbo wa mapenzi ya zamani, kila sauti peke yake kwanza. Alianza yeye, na wote tuliutambua mtiririko wa wimbo. Watu wakapiga makofi. Akafuata besi, mwanamke mwembamba ambaye hukudhania kuwa na sauti nzito namna ile; aliimba kama mtu anayepanda na kushuka ngazi kwa hatua za makini. Akafuata tenori, juu na mbali kama ndege wa alfajiri. Mwisho ilikuwa zamu ya baritoni, na huyo alikuwa yule bibi wa mkongojo. Sauti aliyoimba haikuwa na mwanzo wala mwisho. Ilirudia noti moja mara nne, ikaruka, ikaanguka, ikasimama mahali ambapo hakuna wimbo ambao ungesimama. Ukumbi mzima ulicheka. Yeye naye alicheka, akasema, "Mimi huimba noti ambazo wenzangu wamezibakiza."

Kiongozi akasema, "Vema. Basi na tuimbe bila yeye." Waliimba watatu. Wimbo ulikuwa mzuri na kila sauti ilikuwa safi, lakini kila waliposhusha pumzi palikuwa na kitu kinachokosekana, kama tabasamu ya mtu aliyeng'oka jino. Halafu kiongozi akamtazama yule bibi. Wakaimba wanne.

Sijui nikueleze vipi jambo lililotokea. Walipofika neno la mwisho wakalishika, sauti zao zilifungana, na juu yao, juu hata ya tenori, ikasikika sauti nyingine iliyo nyembamba na angavu, kama mlio wa ukingo wa bilauri uliopitishwa kidole chenye maji. Nilitazama ni nani anayeimba. Wanne walikuwa wanne. Vinywa vyao vilikuwa vinne. Ile sauti ya tano haikuwa na kinywa. Hakuna aliyecheka tena, na yule bibi wa baritoni alikuwa amefumba macho.

Jambo hili si mazingaombwe, nawe usiyeamini waweza kulipima kwa hesabu za fizikia. Sauti ya mtu si uzi mmoja bali ni kamba ya nyuzi nyingi. Aimbaye noti ya mitetemo 200 kwa sekunde hutoa pamoja nayo sauti hafifu za mitetemo 400, 600, 800 na kuendelea, ambazo masikio hayazitengi. Mwenzake akiimba noti ya mitetemo 300, hiyo nayo hubeba 600, 900 na 1,200. Angalia: zote mbili zina 600, na pale zinapokutana hutiana nguvu. Sasa weka waimbaji wanne wenye mitetemo 200, 250, 300 na 350, hesabu ambazo ukizigawanya kwa 50 hupata 4, 5, 6 na 7. Sauti zao hafifu zitakutana mahali pengi, na mojawapo yaweza kupata nguvu hata isikike kama sauti ya mtu. Kinanda hakiwezi kulifanya jambo hili sawasawa, maana nyuzi zake zimefungwa kwa mapatano ili zifae kila namna ya wimbo. Mahali pa 350 kitakupa karibu 356. Tofauti hiyo ni ndogo katika daftari, lakini sikioni ni kubwa. Mwimbaji hana uzi uliofungwa. Aweza kusogea kidogo, na kidogo tena, mpaka akutane na mwenzake. Na wote wakiumba irabu moja kwa namna moja, kengele hulia. Kwa hiyo sauti ya tano si mali ya mmoja wao, wala haiwezi kuimbwa na mtu kwa kukusudia. Ni malipo ya kusikilizana.

Wakati wa mapumziko tulitoka ukumbini tukanywa vinywaji vya moto, maana nje baridi ilikuwa kali. Mama mwenye nyumba wangu alinikamata mkono akanipeleka kwa yule bibi wa baritoni na wenzake wawili. Waimbaji hawa wana desturi njema: hawaridhiki mgeni aende zake akiwa amesikiliza tu. Humfundisha kipande kifupi cha mwisho wa wimbo, ambacho hukiita tagi, wakaimba naye palepale alipo, iwe ni ukumbini, jikoni au kituo cha basi. Nilipewa noti moja. Niliambiwa niishike bila kuyumba mpaka pumzi iniishe, na wao wataizunguka. Nilianza. Kwa muda wa nukta moja au mbili nilikuwa mtu aliyesimama peke yake akitoa sauti isiyo na maana. Kisha besi akaja chini yangu, tenori akapanda, na bibi akapita kutoka noti moja hadi nyingine akitafuta pengo. Noti yangu ilikuwa ile ile, sikuibadili kwa lolote, lakini kila walipohama ilipata sura mpya: mara ilikuwa ya huzuni, mara ya kuuliza, na mwisho ikawa ya kufika nyumbani. Walipofika huko nilihisi mifupa ya uso wangu ikitetema.

Bibi alinishika bega. "Je, mwanangu, unajua umeimba mahali gani?" aliniuliza. Nilimjibu kwamba nimeimba Providence. "Ndiyo," alisema, "na kuna wakati ambapo kanuni ilikuwa imeandikwa ya kuwazuia wanawake kama wewe wasisimame nasi. Katika mji huu walikuwako walioikataa." Kengele ya kuturudisha ukumbini ilipigwa, naye akaenda kutafuta mkongojo wake. Siku zilizofuata nilitafuta habari hiyo katika vitabu, nami naiweka hapa mbele yako kama ilivyo.

Mwaka 1958 chama cha Sweet Adelines kilipitisha azimio kwamba wanachama wake wawe wanawake Weupe tu. Wanawake wale wale waliokosa nafasi katika baraza la wanaume, wakajijengea la kwao, sasa walisimama mlangoni mwa baraza lao wakitazama ngozi za wanaobisha. Si wote waliokubali. Mwaka 1959, hapo Providence, wanawake waliokuwa wamejitenga kwa kupinga azimio hilo walianzisha chama kingine, wakakiita Harmony, Inc. Mwaka 1963 tawi la Sweet Adelines la Ottawa, katika Kanada, lilimpokea mwanamke Mweusi. Lilipotishwa kufukuzwa, halikumtoa mwanachama wake, bali lilitoka lenyewe pamoja naye likahamia katika chama kile kipya. Mwaka 1966 chama kikubwa kiliifuta kanuni yake, na leo mlango wake u wazi.

Wanaume nao walikuwa na kanuni kama hiyo. Mwaka 1941 mahamali wanne Weusi wa stesheni ya Grand Central, waliojulikana kama Grand Central Red Caps, walishinda shindano la mji wa New York, lakini walikataliwa kushiriki shindano la taifa katika mji wa St. Louis. Al Smith, aliyekuwa gavana wa New York zamani, na Robert Moses, mtu mwenye cheo kikubwa mjini humo, walijiuzulu katika chama kwa kuchukizwa na jambo hilo. Hata hivyo kanuni haikuondoka mpaka mwaka 1963.

Ajabu ya mambo haya huonekana mtu anapouliza ni nani waliouanza uimbaji wa kinyozi. Louis Armstrong, mpiga tarumbeta aliyezaliwa New Orleans mwaka 1901, alipokuwa mtoto aliimba katika barabara za mji ule pamoja na watoto wenzake kwa sauti nne. W. C. Handy, mtungaji mashuhuri wa muziki wa bluzi, aliimba tenori katika kundi la watu wanne alipokuwa kijana. Mwandishi James Weldon Johnson alishuhudia katika maandishi yake ya miaka ya 1920 kwamba uimbaji huu ulikuwa desturi ya watu Weusi katika maduka ya vinyozi wao. Mwaka 1992 mtafiti Lynn Abbott alikusanya ushahidi mwingi wa jambo hilo, na leo wenye vyama vya uimbaji huu wenyewe huukubali. Kwa hiyo waliofunga mlango waliwafungia nje watoto wa wenye nyumba.

Hapa ndipo lilipo swali nililokuahidi. Mimi ni mwanamke Mweusi, nami niliupenda uimbaji ule. Niliupenda kabla ya kujua habari hizi, na baada ya kuzijua nilijiuliza kama ni halali niendelee kuupenda. Je, wimbo ulioimbwa na watu waliokuwa wamefunga mlango wabeba doa la mlango ule? Nilimuuliza mama mwenye nyumba wangu tukiwa mezani, naye hakunijibu upesi. Baada ya kunyamaza kitambo alisema, "Sijui jibu lako. Langu ni kwamba Jumanne nitakwenda mazoezini, na kama siku moja utasikia kwaya yetu imemkataa mtu, uniandikie, nitatoka."

Nimelifikiri jibu hilo tangu siku hiyo, nami naona kwamba linatosha zaidi ya hotuba ndefu. Wimbo haukuwa na kosa. Wimbo ulizaliwa na watu waliokuwa wakingoja zamu, ambao walihitaji sauti ya kila aliyekuwapo, awe na sauti nyembamba au nzito, kwa sababu bila yeye pengo lingebaki. Kosa lilikuwa la watu waliotaka utamu wa sauti kupatana lakini hawakutaka sharti lake. Waliweza kusogeza sauti zao kwa kipimo kidogo mno ili zikutane jukwaani, ilhali hawakuweza kusogeza mguu hatua moja ili mtu mwingine apate mahali pa kusimama. Mtu aweza kuwa hodari wa masikio akawa kiziwi wa moyo.

Ama wale waliotoka mwaka 1959, usidhani kwamba kutoka kwao kulikuwa kwepesi. Fikiri mambo waliyoyaacha: chama kikubwa kilichoenea nchi nzima, mashindano yake, na marafiki walioimba nao kwa miaka mingi. Mwimbaji wa sauti nne hawezi kuondoka peke yake akaendelea kuimba kama kawaida. Akitoka, huacha pengo alikotoka, na huhitaji wenzake watatu huko aendako. Yamkini baadhi yao walishauriwa wavumilie, wasiharibu muziki kwa siasa. Waliona kwamba muziki ulikwisha haribika, na kwamba waliobaki kimya ndio waliokuwa wakiimba nje ya noti.

Nawe, msomaji, huenda hutafika Providence, wala hutaimba uimbaji wa kinyozi. Lakini utakuwa katika kwaya, au timu, au chama cha wanafunzi, au darasa ambalo mwenzenu mmoja huchekwa kwa lafudhi yake, kwa kabila lake, au kwa viatu vyake. Atakuwako asemaye kwamba mambo yangekwenda vizuri zaidi bila yeye. Siku hiyo mkumbuke bibi wa baritoni. Alipoimba peke yake ukumbi ulicheka, na alipoondolewa ukumbi haukujua ni kitu gani kilichopungua, bali ulijua kwamba kimepungua.

Kuna kanuni moja ambayo kiongozi wa kwaya ile huirudia kila Jumanne, nami niliinakili katika daftari langu. Huwaambia waimbaji wake kwamba mtu akiwa safuni, asimsikie aliye kuliani wala aliye kushotoni mwake, asiwalaumu kwa kuimba polepole. Kwanza na apunguze sauti yake mwenyewe, kisha asikilize tena.